Alifu Iliyosahaulika kwenye Sanduku la Kwanza

Nyinyi mnaoshika bisibisi leo, anzeni na skrubu. Msianze kwa kuitazama picha. Picha itawapendeza, mtajisahau, na skrubu moja itabaki ndani ya sanduku isafiri kilomita mia tisa ikicheza ngoma juu ya rangi ya mtu. Hesabu ukifungua, hesabu ukifunga. Mimi nilihesabu kila kitu mara mbili kwa miaka ishirini na mbili, Jeddah na Riyadh, na katika miaka hiyo nilivunja vitu viwili tu. Kimoja kilikuwa chungu cha udongo. Cha pili kidole changu mwenyewe, na hicho hakikuwa na bima.

Kazi yenyewe haina jina zuri kwa Kiswahili. Hapa Mombasa wakiniuliza nilikuwa nafanya nini Saudia, nikisema nilikuwa nafungasha picha, wanadhani nilikuwa na studio ya picha za pasipoti. Nikisema sanamu, wanatazamana. Basi siku hizi nasema nilikuwa seremala, wananiletea vitanda vibovu nitengeneze.

Aliyenifundisha ni Ustadh Karimu, Mpakistani, mwenye vidole tisa na maneno kama mia moja ya Kiarabu. Kila neno la Kiarabu ninalolijua nimelipata kwake, na hapo ndipo hadithi yangu ya leo ilipozaliwa, kwa hiyo lishikeni hili vizuri. Kiarabu cha Karimu kilikuwa kile cha gereji na jengo, ambacho sisi wote tulikutana nacho katikati: yalla, twende; halas, basi; mafi, hakuna. Kiarabu hicho hakina mwanamke. Kila kitu ni huwa, yaani yeye mwanamume. Nyundo huwa, kafili, yule mdhamini anayekushikia pasipoti, huwa, gari huwa. Karimu akipigiwa simu na mkewe kutoka kwao, alifunika simu kwa kiganja akatuambia, "Huwa anasema mtoto mgonjwa." Miaka sita nilidhani anaongea na kaka yake.

Mimi hilo halikunisumbua. Kiswahili chetu nacho hakimuulizi mtu chini ya nguo zake. Yeye ni yeye. Amekuja, ameondoka, mpenzi wake. Unaweza kusimulia mapenzi ya mtu kutoka asubuhi hadi jioni na msikilizaji asijue kama umemtaja mwanamume au mwanamke, mpaka uamue kumwambia. Kumbe ni mali kubwa hiyo, na sisi tumeipata bure.

Karimu alinifundisha pia mambo matatu ya maana. Tepu haigusi rangi, hata siku moja. Picha inasafiri imesimama, hailali, maana ikilala kila shimo la barabara linaipiga tumboni. Na sanduku likifika, halifunguliwi siku hiyo. Jeddah ni jasho, ukuta wenyewe unatoka jasho. Riyadh ni ukavu unaopasua midomo. Kanvasi iliyokunywa hewa ya Jeddah ukiifungulia Riyadh papo hapo inajikaza kama ngoma iliyowekwa motoni, na rangi inakatika. Liache sanduku lizoee, saa ishirini na nne. Mwenye mali atagomba, atapiga simu kwa mjomba wake, wewe muache. Sheria hii ya tatu iliwahi kuniokolea watu wawili, na habari za hao ndizo nataka kuwaambia.

Miaka ya mwanzo tulikuwa tunafunga picha za farasi. Farasi, kozi wa kuwindia, mabirika ya kahawa, na aya zilizoandikwa kwa dhahabu. Watu hawakuwepo. Kisha majumba ya sanaa yakaanza kufunguliwa, na watu wakaja kwenye picha kidogo kidogo: kwanza mgongo, halafu mtu asiye na uso, halafu uso uliofunikwa, halafu uso. Kila mwaka mwili ulisogea hatua moja, nasi tukaongeza sponji.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu alipokuja karakana yetu ya Jeddah Mwalimu Wekesa. Mkenya, mtu wa Bungoma, mwalimu wa kuchora katika shule moja ya watoto wa wageni mtaa wa Nuzha. Mrefu, mpole, vidole vya bluu mpaka kwenye kucha. Alileta vitu viwili vya kwenda Riyadh, Sulimaniyah, kwenye maonyesho ya hadithi za mataifa ya kale. Wachoraji kumi na mmoja, kila mmoja na hadithi moja.

"Yako ni ipi, Mwalimu?" nikamuuliza huku nikipima.

"Ya Wayunani, mzee. Wa zamani kabisa. Mungu wao wa jua alimpenda kijana mmoja. Siku moja wanacheza, wanarushiana kisahani cha shaba. Upepo naye alikuwa anamtaka huyo kijana, akaona wivu. Akakipuliza kisahani, kikampata kijana kichwani."

"Akafa."

"Akafa mikononi mwa jua. Pale damu ilipomwagika pakaota ua."

Nikaiangalia picha. Jua limekaa chini, mtu mzima wa rangi ya dhahabu, nywele ndefu zinawaka, uso umegeukia pembeni kama asiyetaka kuonekana akilia. Mapajani pake amelala kijana mweusi kama sisi, macho yamefumba, kovu dogo kwenye nyusi. Ua halikuwa la Wayunani, lilikuwa waridi la Taifu. Nikasema picha ni nzuri. Nilikuwa nasema kweli, na mimi huwa sisifii mali ya mtu kabla hatujapatana.

Kitu cha pili kilikuwa sanamu ya jasi. Kiwiliwili cha kijana huyo huyo, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, amefungwa kikoi. Hakina kichwa.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kwenye picha," akasema. "Kichwa huku, mwili huku. Wakiwa kwenye masanduku mawili, mzee, si mtu yeyote."

Sikumwelewa. Nilianza kufunga. Sanamu inafungwa kwa karatasi laini kwanza, unaisukuma kwa vidole iingie kila mahali, na vidole hukaa juu ya kile kitu muda mrefu kuliko macho. Nikapita bega la kulia. Nikapita kifua. Nikafika mtulinga wa kushoto, na mtulinga ule ulikuwa umepinda, kama mfupa uliovunjika zamani ukaunga wenyewe vibaya. Vidole vyangu vilijua kabla yangu. Mtulinga ule nilikuwa nikiuona kila asubuhi, chumbani kwetu Kandara, kitanda cha pili kutoka dirishani, ukitoka bafuni na kikoi kile kile chenye mistari ya kijani. Ulikuwa wa Faraji, dereva wetu, kijana wa Tanga. Na kovu la kwenye nyusi pia lilikuwa lake.

Mwalimu Wekesa alikuwa ananiangalia mikono. Hakuniangalia usoni.

"Kuna shida, mzee?"

"Hakuna. Jasi ni nyepesi kuliko nilivyodhani."

Nitawaambia ukweli, maana mzee akijisifu kijana hajifunzi. Sababu yangu ya kwanza ya kunyamaza haikuwa wema, ilikuwa woga. Kule jambo kama hilo halina bei ya kupatana. Nimepatana na mapolisi wa barabarani, nimepatana na makafili, nimepatana na mwenye nyumba wa Kandara aliyetaka kutulaza watu tisa chumba cha wanne. Kila kitu kina bei na kila bei ina punguzo. Hili halina. Mwalimu na Faraji wangeingia jela, na wakitoka ni ndege ya kurudishwa kwao. Na mimi ninayelala kitanda cha tatu nani angeniuliza kwa upole? Nikaona nikae kimya, nifunge masanduku, niwafikishe. Kazi ya mfungashaji ni kitu kufika kama kilivyotoka. Hatukuajiriwa kutoa maoni.

"Jina la picha?" nikamuuliza. Lazima niandike orodha.

"Jua na Mpenzi Wake. Andika hivyo hivyo."

"Orodha inataka Kiarabu."

Akasita. "Kiarabu mimi sijui. Wewe andika, mzee. Lakini usiongeze kitu na usipunguze."

Nikaandika kwa mkono wangu, taratibu, kwa majivuno ya mtu aliyejifunza herufi kwenye mabango ya maduka: shams wa habibuhu. Sanduku la kwanza, picha, skrubu ishirini na nne. Sanduku la pili, sanamu, skrubu kumi na sita. Bosi akapiga picha ile orodha kwa simu yake, akaituma Riyadh papo hapo.

Tuliondoka Jeddah baada ya alfajiri. Faraji anaendesha, mimi pembeni, masanduku yamesimama nyuma yetu yamefungwa mikanda minne. Tulipanda milima ya Taifu kimya. Faraji kwa kawaida ni msemaji, anaweza kubishana na taa za barabarani. Siku ile aliendesha kama aliyebeba mayai.

Tulisimama kituo cha mafuta, Taifu ikiwa nyuma yetu. Nikanunua chai mbili. Nikamwambia, "Faraji, huo mtulinga wako uliuvunja wapi?"

Akanywa chai kwanza. "Nilianguka na baiskeli, Muheza, niko darasa la tano. Mzee unauliza kama daktari."

"Nauliza kama mfungashaji."

Alielewa. Aliangalia nyuma kwenye masanduku, kisha barabara, kisha viatu vyake.

"Mzee Omari, utasema?"

"Kusema nini? Nimefunga jasi. Jasi haina jina."

Malori yanapita. Baadaye akanyoosha mkono. "Nipe hiyo orodha niione."

Faraji alisoma madrasa Tanga miaka minane, nahau, ile sarufi ya Kiarabu, na kila kitu. Alisoma mstari wa kwanza, akarudia. Kikombe akakiweka juu ya boneti ya gari.

"Umeandika nini hapa?"

"Jua na mpenzi wake."

"Umeandika habibuhu. Mpenzi wake yeye mwanamume. Na habibu ni mwanamume. Mzee, umeandika wanaume wawili."

"Huwa ni kila mtu."

"Huwa ni kila mtu kwa Karimu. Kwa Mwarabu huwa ni mwanamume." Akanirudishia orodha. "Kwenye picha mtu anaweza kusema mwenye nywele ndefu ni mwanamke. Ndivyo alivyoniambia amemchora kwa makusudi, amegeuza uso, ili kila mtu aone anachotaka. Wewe umekwenda kuandika jibu."

"Tuifute."

"Bosi ameshaituma."

Ndiyo, ameshaituma. Miaka ishirini na moja na orodha zote zile, kosa moja la herufi, nalo limetangulia mbele yetu kwenye simu ya mtu. Nikahesabu kilomita zilizobaki. Nikazihesabu tena. Hazikupungua.

"Ilitakiwa iwe nini?" nikamuuliza tukiwa barabarani.

Nikamuona uso unabadilika, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta ufunguo. "Kwa Kiarabu shams ni mwanamke."

"Jua?"

"Jua. Mwezi ndio mwanamume. Ukiandika kwa nahau sahihi ni habibuha. Jua, bibi, na mpenzi wake, bwana. Tofauti ni alifu moja mwishoni. Kijiti kimoja."

Kijiti kimoja. Nilishafunga mzigo wa thamani ya nyumba nikasahau kuchora mshale wa juu, na hata siku hiyo sikujisikia mjinga namna ile.

Tulifika Sulimaniyah alasiri. Jumba la sanaa liko ghorofa ya chini, juu ya mlango wa mizigo kuna feni kubwa. Msimamizi wake ni Madam Nufu, Msaudia wa miaka arobaini hivi, miwani, sauti ndogo. Namjua kwa miaka minne na sijawahi kumshinda bei. Kando yake amesimama bwana mmoja aliyekuja kukagua kazi kabla ya ufunguzi. Cheo chake sikitaji kwa kuwa na yeye hakukitaja. Mkononi ana simu, na kwenye simu ni mwandiko wangu.

"Fungueni," akasema.

"Haiwezekani leo, bwana. Kanvasi imetoka Jeddah. Inataka saa ishirini na nne izoee hewa."

"Ipe saa moja."

"Saa moja rangi inapasuka. Halafu wataandika nani alisema ifunguliwe."

Akanitazama. Mtu yeyote mwenye cheo ukimwambia wataandika, anasimama kidogo. "Saa tatu."

"Ishirini."

"Kesho saa nne asubuhi. Halas."

Saa nne ya asubuhi ilikuwa saa kumi na saba mbele. Nikakunja uso kama mtu aliyeibiwa, nikasema sawa. Nilikuwa tayari kukubali kumi na mbili.

Tulipobaki sisi wawili kwenye mlango wa mizigo nikampigia Mwalimu Wekesa, simu nimeiweka sauti ya wazi, Faraji amechuchumaa karibu. Nikamweleza kosa langu bila kulipaka sukari.

"Sasa wanataka nini?" akauliza.

"Bado hawajataka. Watauliza kesho saa nne. Nataka ruhusa yako niongeze alifu."

"Ili jua awe mwanamke."

"Ndiyo."

"Mzee, mimi kwa Kiswahili sikudanganya. Sikusema, lakini sikudanganya. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu. Mwaka mzima nimechora hiyo kitu nikijua hakuna mahali nimeandika uwongo. Sasa wewe unaniambia niandike."

"Mwalimu, hatumgeuzi mtu. Jua la Waarabu lilikuwa mwanamke kabla babu yako hajazaliwa. Sisi tunasahihisha tahajia."

"Na kijana?"

"Kijana anabaki kijana. Habibu. Mwanamume kama alivyo."

Nikamsikia anatoa pumzi, karibu acheke. "Wacha. Ati kati ya wawili, anayegeuzwa ni mimi."

Hapo ndipo nilipojua jua lilikuwa nani. Mimi mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili, uso wa dhahabu uliogeuzwa pembeni sikuuhesabu hata mara moja. Faraji alikuwa ameinamisha kichwa.

"Poa," Mwalimu akasema. "Weka hiyo alifu. Afadhali mimi kuliko yeye." Kisha, kwa sauti nyingine, "Yuko hapo?"

"Yuko."

"Amekula?"

"Bado."

"Mwambie ale." Akakata.

Faraji akafuta uso kwa bega la shati. "Bibi Jua," akasema polepole, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemcheka mtu wake. Kisha akaenda kutafuta wali.

Asubuhi nilimkagua kama ninavyokagua mzigo. Sanamu ingewekwa jukwaani, na sanamu ile inataka watu wawili kuibeba. Wa pili hakuna ila yeye. Nikampa barakoa ya vumbi, ile tunayovaa tukikata mbao, na kofia aivute mpaka kwenye nyusi. Shati lake halikuwa na kifungo cha juu, mtulinga wote uko nje. Nikakata tepu ya karatasi nikalibandika kola kwa ndani. Karimu alisema tepu haigusi rangi. Shati hakulitaja.

"Picha ikifunguliwa, wewe simama uipe mgongo," nikamwambia. "Usigeuke. Ukigeuka mtu ataona nyuso mbili zinaangaliana."

"Mimi mwenyewe sijaiona, mzee. Alinichora, hakunionyesha. Alisema ikiisha."

"Hutaiona leo."

Saa nne bwana yule alikuwa pale, saa nne kamili, Mungu awasamehe wanaowahi. Nilifungua sanduku la kwanza, skrubu ishirini na nne kwenye kibati. Nikaisimamisha picha ukutani. Bwana yule aliitazama, kisha akainua simu.

"Orodha hii kaandika nani?"

"Mimi."

"Habibuhu. Wake nani? Huyu ni nani?" Kidole kinaelekea jua.

Nilikuwa nimeandika orodha mpya yenye alifu, iko mfukoni mwangu, lakini nikaona nikiitoa sasa nitakuwa kama mwizi anayerudisha ng'ombe. Nikaamua kuuza bidhaa niliyokuwa nayo nyingi, ujinga.

"Huwa shams, bwana."

"Huwa?"

"Huwa. Na huwa habibu yake. Halafu huwa upepo akaja." Nikaonyesha sanduku. "Na huwa sanamu."

Feni ilikuwa inazunguka. Nilisikia Faraji anapumua ndani ya barakoa nyuma yangu. Madam Nufu alikuwa amekaa mezani anapanga kadi za ukutani. Hakuinua kichwa.

"Omari," akasema, "umekaa nchi hii miaka mingapi?"

"Ishirini na moja, madam."

"Ishirini na moja, na hujui jua ni mwanamke?"

"Kwetu jua si mwanamke wala mwanamume, madam. Ni jua."

Bwana yule alitoa sauti puani. Ilikuwa kicheko au ilikuwa vumbi, mpaka leo sijui. Madam Nufu akachukua kalamu, akavuta karatasi ya orodha yangu ya kwanza iliyochapishwa, akapiga kijiti kimoja mwishoni mwa neno. Mkono wake haukusita. Akamsogezea.

"Habibuha," akasoma yule bwana. Akaangalia tena picha. Nywele ndefu zile, uso umegeuka. "Kwa nini hana hijabu?"

"Ni jua," Madam Nufu akasema. "Nani angelifunika?"

Kisha tukaleta sanamu. Faraji upande ule, mimi huku, hatua kwa hatua, tukaiweka jukwaani na karatasi nikaitoa. Bwana akaja karibu, akanyoosha kidole, akagusa mtulinga wa kushoto. Faraji amesimama umbali wa mkono mmoja, amempa mgongo, mikono iko nyuma imeshikana.

"Hapa pamevunjika. Mmeivunja njiani?"

Niliona kipande cha tepu kwenye kola ya Faraji kinaanza kubanduka kwa jasho.

"Ilikuja hivyo," nikasema. "Iliunga yenyewe." Nikaonyesha orodha, mstari wa pili, maana hilo nalo nilikuwa nimeliandika: mfupa wa bega la kushoto umepinda, ni wa asili. Mkisikia mtu anasema kuandika hali ya mzigo ni kupoteza muda, mwambieni anitafute.

Alisaini. Akielekea mlangoni alisimama mbele ya picha mara ya mwisho. "Meskini. Nani alimuua?"

"Upepo, bwana."

"Upepo una wivu," akasema, akatoka.

Madam Nufu alinirudishia orodha. "Alifu ni herufi ya kwanza, Omari," akasema kwa sauti yake ndogo. "Mtu hujifunza kabla ya zote. Usiisahau tena." Nikaikunja orodha nikaitia mfukoni kabla hajaongeza neno. Kadi ya ukutani iliandikwa Kiarabu na Kiingereza, jua na mpenzi wake, yeye bibi. Kiswahili hakikuwekwa popote.

Wiki sita baadaye tulikwenda kuzichukua. Faraji aliendesha tena, na kwenda na kurudi hakuwahi kuiona picha, maana nilipofika nilikuta wameshaifunga wenyewe, vibaya, nikalazimika kuongeza sponji kupitia kwenye tundu. Mkataba wa Mwalimu ulikuwa unakwisha mwezi ule, shule haikuuongeza. Faraji alikuwa amebakiza miaka miwili kwa kafili. Masanduku yalikuwa yanakwenda uwanja wa ndege Jumamosi, naye Mwalimu pamoja nayo.

Ijumaa mchana bosi na mafundi wote walikuwa msikitini, karakana imefungwa. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kutokwenda, kwa ajili ya goti langu. Mwalimu Wekesa alikuja na mkoba, akasema anataka kuhakiki kabla ya safari. Faraji alikuwa ndani anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Mzee," Faraji akasema, "mimi sijaiona."

Kufungua sanduku lililokwisha pigwa muhuri wa kusafiri ni kosa, na nyinyi msifanye. Nilichukua bisibisi. Ishirini na nne za picha, kumi na sita za sanamu. Niliisimamisha picha ukutani, kiwiliwili nikakiweka mbele yake, kichwa na mwili mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Nikabeba kibati changu cha skrubu, nikatoka, nikavuta mlango, nikakaa kwenye kiti cha plastiki barazani pa karakana, jua limenikalia utosini. Barabara nzima ilikuwa tupu. Khutba ilikuwa bado inasikika kwa mbali.

Nilizihesabu zile skrubu. Arobaini. Nikazihesabu mara ya pili, arobaini. Ndani sikusikia neno, nilisikia mtu mmoja anacheka taratibu, halafu akaacha.

Khutba ikaisha, wakaanza kuswali. Rakaa mbili si muda mrefu, kisha bosi angerudi, lakini mlango sikuugonga. Nikazimwaga skrubu zote chini, nikaanza tena na moja.